Tusichanganye Vitu

6 Januari

Shangazi, shikamoo.

Kuna mlio mmoja haujanitoka masikioni tangu nina miaka tisa: mfuniko ukilazimishwa juu ya sufuria isiyo yake. Unakwaruza, unacheza kidogo, halafu unatulia upande. Juzi nimeusikia tena kwenye jiko la kuigizia hapa kazini, nikaona nikuandikie.

Sisi hatujambo. Mgongo wa Mama unamkumbusha kila asubuhi kwamba hakuzaliwa jana, lakini kazini anakwenda. Bado anafua nguo za hoteli, siku hizi kwa mashine, na anasema mashine ni mvivu kuliko yeye. Mimi nimepata kazi ya uandishi katika tamthilia ya televisheni, ile ya wapangaji sita wanaotumia ua mmoja. Waandishi tuko watano. Kiongozi wetu tunamwita Kifutio kwa sababu hakuna ukurasa unaotoka mkononi mwake mzima.

Kifutio ana utaratibu wake. Kila Jumatatu kila mmoja wetu lazima alete kurasa mbili za mazungumzo yasiyo na kazi. Watu wanaongea juu ya sabuni, juu ya mvua, juu ya nani amechukua ufagio. Hakuna kuungama, hakuna kulia, hakuna siri. Tunasoma kwa sauti, kisha wengine wanabashiri nani hapo mwenye nguvu, nani mwongo, nani ataondoka. Wakishindwa kubashiri, kurasa zinaingia kwenye pipa. Anasema mtu akijua anasikilizwa hujipamba. Mkute akitafuta kijiko ndipo umjue.

Ndiyo maana nakuandikia. Unakumbuka siku ya nne baada ya kumzika Baba, wewe na Mama mlipokuwa jikoni mkigawa vyombo? Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia la mkaa mlangoni. Mlikuwa mnaongea vizuri tu, hakuna aliyepandisha sauti. Ulikuwa unainua sufuria moja moja, hii ya kwetu, hii yako, na jioni ile mimi na Mama tukaondoka na beseni moja. Maneno yenyewe nayakumbuka nusu nusu. Kuna neno ulikuwa unalirudia. Lilikuwa lipi?

Niandikie kama lilivyokuwa. Huna haja ya kupamba.

Mtoto wa kaka yako,
Kimya


2 Februari

Mwanangu Kimya,

Marahaba. Barua yako imekaa posta siku tisa kwa sababu karani wa siku hizi anasoma anwani kama anayesoma cheti cha daktari. Nimempa maneno yake. Na usije ukaniletea habari ya kuninunulia simu. Kwenye simu mtu anakukatiza kabla hujafika unakokwenda.

Mimi sijambo. Macho ndiyo yanataka kunisaliti kwenye tundu la sindano, lakini uzi mweupe bado naushinda. Chumba cha kushonea bado tuko watatu: mimi, fundi wa vifungo, na yule mama wa marinda ambaye cherehani yake inapiga kelele kuliko mdomo wake, na mdomo wake haujambo. Tunashona sare za shule ile ile. Mkasi wangu nimeufunga utepe mwekundu, maana mikono ya watu haina macho.

Nimewaambia wote kwamba tamthilia ya Jumapili anaiandika mtoto wa kaka yangu niliyemlea mwenyewe. Fundi wa vifungo, kwa kuwa hajui kunyamaza, akaniuliza nilikulea lini. Nikamwambia, miaka tisa kuja na kwenda nyumba moja siyo kulea? Akarudi kwenye vifungo vyake.

Sasa swali lako. Neno lenyewe ni "tusichanganye vitu", na ni neno langu mpaka leo. Siku ile naikumbuka vizuri kwa sababu niliifanya kwa haki. Nilimwambia mama yako, "Wifi, tusichanganye vitu, kesho na keshokutwa tusije tukanuniana kwa ajili ya sufuria." Kila kilicho chake alipewa. Ile kubwa alisema ni zawadi yake ya harusi. Nikamwuliza, nani aliileta? Akasema, mama mkwe. Nikamwambia, basi wifi, si umejijibu mwenyewe? Tukacheka. Kuna mfuniko mmoja ulikosa mwenzake, nikampa hivyo hivyo. Lile beseni halikuwa lake, nilimwongezea kwa hiari yangu. Bado lipo? Nauliza tu.

Msalimie mama yako. Mwambie sina kinyongo.

Shangazi yako


17 Machi

Shangazi, shikamoo.

Beseni lipo. Lina ufa, tunawekea vibanio vya nguo. Salamu zako sijazifikisha, kwa sababu Mama hajui kwamba tunaandikiana, na kwa sasa naomba iwe hivyo.

Mazungumzo ya sufuria niliyasoma mezani Jumatatu ya mwisho ya Februari. Nilibadilisha kidogo sana. Kwa kawaida wenzangu hubishana mpaka chai inapoa. Safari hii hakuna aliyebishana. Kifutio aliuliza, "Huyu anayecheka, anajua anachokifanya?" Nikamwambia sijui, bado namchunguza. Akasema, "Basi usijue. Ukishajua utamharibu. Mlete uani."

Ndivyo alivyopatikana mpangaji wa saba. Tumempa jina la Mama Utaratibu. Anakaa chumba cha karibu na bomba, na ufunguo wa bomba anauvaa shingoni. Anayemwigiza ni mwanamke mpole sana, zamani alikuwa mkunga. Aliniuliza amwigize kwa ukali kiasi gani. Nikamwambia bila ukali hata kidogo. Aongee kama mtu anayekunja mashuka. Utamwona kuanzia mwezi ujao.

Sasa nahitaji vitu vidogo vidogo. Mtu akirudisha kitu alichoazima kwako, unamwambiaje? Mgeni akikaa kupita kiasi je? Niandikie vile vile unavyoongea. Unanisaidia kuliko unavyojua.

Kimya


29 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na hongera. Ungekuwa karibu ningekushonea kitu.

Tunatazama kwa mama wa marinda. Televisheni yake ni kubwa, ingawa sofa lake ukikaa unashuka kama umekanyaga shimo. Nimeona vipindi vitatu. Wale wapangaji wengine ni watu wa kulialia, lakini huyu Mama Utaratibu, mwanangu, huyo ndiye mwanamke. Aliporudishiwa ndoo akaichungulia kwanza, akasema, "Asante kwa kuileta, na hili tundu nalo uliliazima kwangu?" nilipiga makofi. Ndivyo mimi ningesema. Nikamwambia fundi wa vifungo, unaona, wapo watu wanaojua kuishi. Yeye hatazami televisheni, ananitazama mimi. Nilimwuliza kama nina mdudu usoni. Akajiziba mdomo.

Uliyoniuliza haya hapa. Kilichoazimwa kikirudi, mimi nakikagua mbele ya aliyekileta, nikimwambia ni kwa faida yake, asije akasingiziwa baadaye. Mgeni akikaa sana namwuliza, "Nikuwashie taa ya nje uione njia?" Hata iwe saa sita mchana. Hajawahi kukasirika mtu.

Ila kuna kosa moja mnalifanya. Mnamwonyesha anakula peke yake, kila siku, sahani moja, na hakuna anayembishia hodi. Si kweli. Mtu wa namna ile watu hawamkosi. Lirekebisheni.

Shangazi yako


11 Juni

Shangazi, shikamoo.

Sote wazima. Ile taa ya nje tumeitumia, na hapa mjini watu wanaisema mpaka kwenye foleni ya benki.

Jumapili hii ni kipindi cha sufuria. Sijaongeza neno kwenye uliyonipa. Tazama pamoja na wenzako wote, na ukae mbele.

Kimya


5 Agosti

Shangazi, shikamoo.

Ni wiki saba sasa tangu kipindi cha sufuria, na sina barua yako. Safari hii nadhani karani wa posta hana kosa.

Mama alikiona kipindi kile bila kutarajia. Ilikuwa kazini, chumba cha kupigia pasi, ambako wana televisheni ndogo juu ya kabati. Wenzake walikuwa wanacheka kila Mama Utaratibu anapoinua sufuria. Aliondoka akaenda kukunja taulo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Aliporudi nyumbani hakuniuliza chochote. Alisema tu kwamba ile kubwa mpini wake haukuwa umevunjika, tumekosea. Akaosha vyombo vyote, vikiwemo visafi, ndipo akasema, "Mwache sasa. Mimi nilishamwacha zamani."

Mimi sijakuacha. Niseme wazi kwa kuwa hujauliza. Ulimtoa mama yangu nyumbani kwake huku mnacheka, kwa hiyo hakupata hata pa kulilia. Angelia juu ya nini, sufuria? Ungemfokea, majirani wangekuja, mtu mmoja angesema neno. Wewe uliongea vizuri. Jioni tukawa barabarani na beseni, na Mama akaniambia tunakwenda kutembea. Tulitembea miaka sita, kutoka chumba cha mtu hadi chumba cha mtu. Nililala chini ya meza ya kupigia pasi mpaka miguu ikazidi meza. Kila nyumba Mama aliosha sufuria za wenyewe, na kila nyumba nilikaa kimya kama jina uliloniita, nikisikiliza namna wanavyomwambia aondoke. Walikuwepo wakali, walikuwepo waliotupa nguo zetu nje. Hakuna hata mmoja aliyeijua kazi hiyo kama wewe.

Dada anayemwigiza wifi yako aliniuliza kabla ya kurekodi, "Hapa mimi najibu nini?" Nikamwambia, "Hujibu. Unacheka kwa sababu yeye amecheka." Tulirudia mara kumi na moja. Mara ya kumi na moja alicheka akashindwa kuacha. Hiyo ndiyo mliyoiona.

Nataka kujua kama ulikaa mbele.

Kimya


12 Septemba

Kimya,

Barua zako zote mbili nimezipata. Mimi mzima. Mvua zimeanza na bati la chumba cha kushonea linavuja, upande wa fundi wa vifungo.

Nilikaa mbele. Tulikuwa watu tisa kwa sababu niliwaalika mwenyewe, nikawanunulia na biskuti. Walianza kwa kucheka, halafu mmoja mmoja wakaacha, nikabaki mimi peke yangu ninayecheka, maana nilidhani bado inachekesha. Mama wa marinda ndiye aliyezima sauti. Akasema, "Na huyu mtoto ndiye unayesema ulimlea." Basi. Hakuna aliyenitukana.

Ila siku hizi mtu hata akinirudishia pini ananiambia tusichanganye vitu. Watoto wa shule wakija kupimwa sare wanaambizana pale mlangoni, halafu wanaingia na nyuso za ibada. Mwezi uliopita mwalimu mkuu aliamua sare za mwakani zishonwe na fundi wa vifungo. Aliniandikia barua ya heshima kabisa. Nimekaa na cherehani yangu tangu asubuhi, haina cha kutafuna.

Sikulaumu. Neno nilikupa mimi, kwa mkono wangu, tena ndani ya bahasha.

Nakuomba kitu kimoja. Mwondoe Mama Utaratibu. Apate ugonjwa, apate safari, ahamie kwa watoto wake, ninyi ndio mnaojua njia. Akiondoka, watu watakuwa wameshamsahau shule zitakapofunguliwa, nami nitakwenda kumwona mwalimu mkuu.

Wewe unaijua siku ile moja tu. Mwezi mmoja kabla yake mimi nilikuwa nimerudi kwa kaka yangu na cherehani kichwani, na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Kule nilikotoka, mawifi zangu walinipangia vitu vyangu sakafuni ukumbini, wakaniita nije nihakikishe kama vimetimia. Mume wangu alikuwa anakunywa chai. Akaniuliza kama nitapita karibu na duka, maana sukari imekwisha.

Hayo tuyaache. Nyumba ya kaka yangu ilikuwa na nafasi ya mwanamke mmoja, na sisi tulikuwa wawili. Hayo nayo tuyaache.

Msalimie mama yako. Mwambie ile kubwa ipo, akiitaka.

Shangazi


24 Oktoba

Shangazi, shikamoo.

Mama hajambo. Safari hii salamu zako nimezifikisha, pamoja na habari ya sufuria kubwa, na nikamwambia kwamba tumekuwa tukiandikiana tangu Januari. Nikamtajia na bati la chumba chenu cha kushonea. Akauliza linavuja upande gani. Nikamwambia siyo upande wako. Akasema afadhali. Nikamsomea ombi lako, akaniambia nilitimize. Jioni yake akarudia, na Mama si mtu wa kuomba kitu mara mbili.

Barua yako niliifungua kwenye ngazi za ofisi, Jumatatu, dakika chache kabla ya kikao. Sitakudanganya, nilikuhurumia. Nilifikiria kukupa safari ndefu na sanduku zuri. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya wapangaji wakikuaga. Halafu nikarudia kusoma pale penye chai na sukari.

Kumbe ulijua. Miaka yote hii nimekuchukia huku nimekuachia mlango mmoja wazi, kwamba labda ulikuwa mtu asiyeona, mtu wa vyombo tu, na Mama alipita mbele yako kama kivuli. Lakini wewe ulikuwa umetoka kusimama pale pale. Ulijua kila sufuria ina uzito gani mkononi mwa anayepewa. Ulijua kinachofanywa na kicheko. Mwezi mmoja tu ulikuwa umepita, na ulichojifunza kwa mawifi zako ukakileta jikoni kwetu kikiwa bado cha moto.

Nikaingia kikaoni. Kurasa nilizokuwa nimeandaa sikuzitoa. Kifutio alipouliza nani yuko tayari, nikasoma kutoka kwenye barua yako, polepole, nikigeuza maneno machache nilipokuwa nikienda. Mwanamke amesimama ukumbini, vitu vyake viko sakafuni, mawifi wanamwomba ahakikishe. Mume anakunywa chai na kuulizia duka. Wote wanne walibashiri sawasawa, bila kupishana hata kidogo. Kifutio hakufuta neno. Alisema sasa watazamaji watamwelewa Mama Utaratibu, watamhurumia.

Nikamwambia wamhurumie, ndiyo, kwa dakika nne. Kisha nikaomba kipindi kiunganishwe hivi: ukumbi kwanza, na mara tu mwanamke anapotoka na cherehani kichwani, kifuate kile cha sufuria, chote, tangu mwanzo, bila muziki katikati. Kifutio aliifunga kalamu yake. Akaniuliza kama huyu mwanamke yuko hai. Nikasema ni mtu wa kutunga.

Mwigizaji wetu aliniuliza kwa nini Mama Utaratibu anayafanya yale yale aliyofanyiwa. Nikamwambia hatujui, na hatutamwuliza. Aliigiza vizuri kiasi kwamba wapiga picha walisahau kusimamisha kamera.

Ulichoomba hakitawezekana. Mama Utaratibu haugui na hasafiri. Ameandikiwa mwaka mzima mwingine pale karibu na bomba, na mimi ndiye niliyepewa kumwandika peke yangu. Nimeweka sahihi. Kosa ulilosema la kula peke yake sijalirekebisha.

Tulirekodi tarehe kumi na saba. Nimengoja wiki nzima kukuandikia, mpaka kipindi kilipokabidhiwa kituoni, na kimekabidhiwa jana. Kinarushwa Jumapili hii, kwa hiyo barua itakukuta umeshakiona, au umeshasimuliwa.

Mama ananiuliza kila siku nimeamua nini. Nimemwambia bado nafikiri.

Kimya